Baada ya mitume, ni nani aliyeujenga zaidi Ukristo tulio nao leo?

Mwalimu wa Kipaimara

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Ninafundisha darasa la kipaimara katika usharika wetu, na kila mwaka ninapofika mwisho wa kitabu cha Matendo ya Mitume ninakutana na pengo ambalo mtaala wetu haulizibi. Luka anamwacha Paulo huko Roma, katika nyumba aliyoipanga mwenyewe, akihubiri kwa miaka miwili pasipo kuzuiliwa na mtu. Somo linalofuata linamkuta Martin Luther akipinga uuzaji wa vyeti vya msamaha huko Wittenberg mwezi wa Oktoba 1517, na lile la tatu linawakuta wamisionari wakishuka melini katika pwani yetu. Kati ya somo la kwanza na la pili imepita zaidi ya miaka 1,400, na wapo vijana wanaouliza, tena kwa haki kabisa, kama Mungu hakuwa na watu katika miaka hiyo yote.

Mwaka huu nimeruhusiwa kuongeza vipindi vichache. Sitaki kuwapa vijana orodha ya majina na tarehe za kukariri, kwa sababu orodha ya namna hiyo husahauliwa kabla hata ya siku ya kubarikiwa. Ninamtafuta mtu mmoja, au wawili, ambao maisha yao yanaweza kusimuliwa kwa kirefu, na ambao wasingekuwapo, kanisa tunaloingia kila Jumapili lingekuwa kanisa jingine.

Naomba tutofautishe uzito wa kazi ya mtu na utakatifu wake, kwa maana wako watakatifu wengi ambao historia haikugeuka kwa sababu yao, na wako waliogeuza historia ambao mtu hangependa wawe mfano kwa watoto wake. Wenzangu wengi humtaja Konstantino, mtawala wa Dola ya Roma, mara moja, kwa hoja kwamba bila yeye Ukristo ungebaki dini ya watu wachache wanaojificha. Jibu hilo halijaniridhisha, na ningependa kusikia hoja za wanaolijua jambo hili kwa undani. Anayejibu atetee jina lake kwa sababu, na wala asiyafiche mabaya ya mtu huyo kama yapo.

Katekista Mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu.

Nimefundisha wakatekumeni kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kipimo ulichokitoa ndicho ninachokitumia mimi pia: tumwondoe mtu huyo katika historia, kisha tutazame ni kitu gani kinachoporomoka.

Nianze na Konstantino kwa kuwa umemtaja. Mwaka 313 yeye na mtawala mwenzake Lisinio walikubaliana huko Milano kwamba Wakristo waabudu kwa uhuru na warudishiwe mali zao zilizotaifishwa. Mwaka 321 aliagiza kwamba mahakama na wakazi wa mijini wapumzike siku ya Jumapili. Na mwaka 325 aliwaita maaskofu katika Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano wao mkuu. Hayo ni mambo makubwa. Lakini shabaha yake ilikuwa amani ya dola, na miaka michache baada ya Nikea alikuwa tayari kumrudisha Ario, yuleyule ambaye mtaguso ulikuwa umemhukumu. Alipokaribia kufa mwaka 337, aliyembatiza alikuwa Eusebio wa Nikomedia, rafiki na mtetezi wa Ario. Konstantino alilipa Kanisa uhuru, majengo na heshima mbele ya serikali. Waamini wangesadiki nini ndani ya majengo hayo ni jambo lililopiganiwa na mtu mwingine, na huyo ndiye ninayemtetea: Athanasi, askofu wa Aleksandria.

Ario alikuwa padre wa mji huohuo, msomi, mtu wa maisha ya kujinyima, mhubiri aliyependwa. Alifundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe, mkuu kuliko viumbe vingine vyote, lakini kiumbe hata hivyo, na kwamba alikuwa na mwanzo. Mafundisho yake aliyatia katika mashairi ambayo watu wa kawaida waliweza kuyaimba, na kwa njia hiyo yakaenea upesi. Anayeusoma ugomvi huu kwa haraka hudhani ni mabishano ya wasomi wasio na kazi. Athanasi aliona kilichokuwa hatarini: kama aliyekufa msalabani ni kiumbe, basi kiumbe amejaribu kuwafikisha viumbe wenzake kwa Mungu, jambo ambalo hakuna kiumbe anayeliweza, na kila Mkristo anayemwomba Yesu, kuanzia Stefano aliyepigwa mawe, amekuwa akiabudu kisichostahili kuabudiwa.

Huko Nikea Athanasi alikuwa shemasi kijana aliyefuatana na askofu wake, Aleksanda. Mtaguso uliamua kwamba Mwana "amezaliwa bila kuumbwa, mwenye umungu mmoja na Baba", na wengi hudhani kwamba mambo yaliishia hapo. Hayakuishia hapo hata kidogo. Kwa zaidi ya miaka 50 iliyofuata, watawala na maaskofu wengi walijaribu kuyaondoa maneno hayo au kuyalegeza, na aliyesimama mbele yao mara kwa mara alikuwa huyu Mmisri. Alikuwa askofu kuanzia 328 hadi alipofariki mwaka 373, na katika muda huo alifukuzwa mara 5, na watawala 4 tofauti: Konstantino, mwanawe Konstansio, Yuliano na Valensi. Ukijumlisha miaka aliyoishi uhamishoni au mafichoni, inakaribia 17.

Vijana wako watapenda habari za mkutano wa Tiro wa mwaka 335. Maadui wa Athanasi walimshtaki kwamba amemuua askofu mmoja aitwaye Arsenio na kumkata mkono ili autumie katika uchawi, na kama ushahidi walileta mkono wa mtu uliokaushwa. Wafuasi wa Athanasi walikuwa wamemtafuta Arsenio hadi wakamkuta mafichoni, akiwa hai. Inasimuliwa kwamba Athanasi alimwingiza mbele ya wajumbe akiwa amefunikwa vazi, akauonyesha mkono mmoja, kisha wa pili, halafu akawauliza washtaki wamweleze mkono wa tatu ulikuwa umeota wapi. Pamoja na hayo walimhukumu. Alipokwenda Konstantinopoli kukata rufaa, akazuliwa shtaka jipya kwamba ametishia kuzuia meli za nafaka kutoka Misri, na Konstantino akampeleka uhamishoni Trier, huko Ujerumani ya leo, mbali sana na mto Nili.

Mwaka 356 askari walilizingira kanisa usiku, wakati wa kesha. Alikataa kutoka mpaka waamini waanze kupata njia, na watawa wakamtoa katikati ya vurugu. Kwa miaka takriban 6 aliishi kwa kujificha miongoni mwa watawa wa jangwani, huku serikali nzima ikimsaka, na huko akaandika baadhi ya vitabu vyake vyenye nguvu zaidi.

Kwa watawa hao Athanasi alilipa deni. Aliandika maisha ya Antoni, mkulima wa Misri aliyegawa mali yake na kwenda kuishi jangwani, na kitabu hicho kilipotafsiriwa kwa Kilatini kiliwasha moto wa utawa katika nchi za Magharibi. Tena katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 aliorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile tulivyo navyo, bila kuongeza wala kupunguza. Na hiyo ndiyo orodha ya zamani zaidi tuliyo nayo inayolingana kabisa na Biblia zetu.

Umesema tusifiche mabaya. Athanasi alikuwa mkali wa kalamu, aliyewapaka wapinzani wake wote rangi moja hata pale walipotofautiana sana. Na kundi la Wameleti, Wakristo waliojitenga huko Misri, lilimlalamikia kwa kutumia nguvu dhidi yao, malalamiko ambayo si yote yaliyobuniwa. Watu wa Aleksandria wa karne ile hawakuwa wapole, wala askofu wao hakuwa mpole. Lakini mwondoe yeye, kisha uniambie ni nani angeisimamia imani ya Nikea katika mwaka kama 357, wakati ambapo hata wazee walioheshimiwa sana walishurutishwa kutia saini maneno mengine.

Mama Mchungaji

Shikamoo, Mzee Katekista. Nimekusoma kwa furaha, na simpingi Athanasi. Hata hivyo Mwalimu ameuliza ni nani aliyeujenga Ukristo tulio nao, na kwa maoni yangu Athanasi aliulinda msingi uliokuwapo, ilhali Augustino wa Hippo aliibua maswali ambayo Ukristo wa Magharibi, wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti, haujaacha kuyauliza hadi leo.

Maisha yake wengi wanayafahamu, kwa hiyo nitapita upesi. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras nchini Algeria; mama yake, Monika, alimwombea kwa miaka mingi; akafuata dini ya Wamani, waliofundisha kwamba nuru na giza hupigana ulimwenguni; akafundisha ufasaha wa lugha Karthago, Roma na Milano; akabatizwa na askofu Ambrosio katika Pasaka ya mwaka 387. Alikuwa askofu wa Hippo, mji wa pwani katika Algeria ya leo, kwa zaidi ya miaka 30, akafariki tarehe 28 Agosti 430 Wavandali, kabila la wavamizi kutoka Ulaya, wakiwa wameuzingira mji wake.

Ninachotaka kukieleza kwa kirefu ni ugomvi wake na Wadonati, kwa sababu unatugusa sisi kuliko tunavyodhani. Wakati wa mateso yaliyoanza mwaka 303, baadhi ya viongozi wa kanisa la Afrika Kaskazini waliyasalimisha Maandiko kwa askari ili wayachome. Mateso yalipokwisha, Wakristo wengi walikataa kumtambua Sesiliano kuwa askofu wa Karthago, wakidai kwamba mmoja wa maaskofu waliomwekea mikono alikuwa msaliti wa aina hiyo. Wakajitenga, wakaweka askofu wao, na mtu aliyetoka upande wa pili wakambatiza upya. Walikuwa kanisa kubwa, pengine kubwa kuliko lile lililobaki katika baadhi ya majimbo, na walikuwa na mashahidi wa kweli waliomwaga damu. Pande hizo mbili zilipokutanishwa Karthago mwaka 411, maaskofu waliohudhuria walizidi 500.

Wadonati waliuliza: mtu asiye na Roho atampaje mwenzake Roho? Hoja hiyo ina mvuto mkubwa. Augustino alijibu kwamba ubatizo si mali ya anayebatiza. Petro akibatiza, anayebatiza ni Kristo. Yuda akibatiza, anayebatiza ni Kristo. Mhudumu akiwa mwovu atajibu kwa Mungu kwa ajili ya uovu wake, lakini aliyepokea kwa imani hakuibiwa kitu.

Mimi ni mchungaji, na nimewahi kuketi na waumini waliolia kwa sababu mtumishi aliyewabatiza au aliyefungisha ndoa yao amepatikana na kashfa na kuondolewa kazini. Swali lao ni lilelile la Karthago: je, tulichopokea ni halali? Jibu ninalowapa, na ambalo padre wa parokia jirani angewapa pia, ni la Augustino. Tungekosa jibu hilo, kila kashfa ingebatilisha ubatizo wa kijiji kizima, na watu wangehama kutoka kwa mtumishi mmoja kwenda kwa mwingine wakimtafuta aliye msafi zaidi. Tunaona jambo hilo likitokea pale ambapo fundisho hili limesahauliwa.

Kisha kuna Pelagio, aliyefundisha kwamba mwanadamu anaweza kuitii sheria ya Mungu akiamua kwa dhati, kwa kuwa Mungu haamuru lisilowezekana. Augustino, aliyekuwa amejijua mwenyewe kwa uchungu, alisema kwamba hata kule kutaka kwetu kunahitaji kuponywa, na kwamba neema hutangulia. Karne 11 baadaye Luther, ambaye aliingia katika shirika la Waaugustino huko Erfurt mwaka 1505, aliyashika mafundisho hayo na kuyasukuma mbele kuliko mwalimu wake. Wapinzani wake wa Kikatoliki nao walimjibu kwa maneno ya Augustino. Papa Leo XIV, aliyechaguliwa Mei 2025, ni mtawa wa shirika hilo la Waaugustino. Sijui mtu mwingine baada ya Paulo ambaye pande zote mbili za mgawanyiko ule zinamwita baba.

Mabaya yake ni mazito na lazima yasemwe darasani. Mwanzoni Augustino alipinga kuwalazimisha Wadonati kwa nguvu za serikali. Baadaye akabadilika, akaliegemea neno la mfano wa karamu katika Luka 14, "uwashurutishe kuingia ndani", akakubali faini na kunyang'anywa makanisa, ingawa aliendelea kuwasihi watawala wasiwaue watu. Waliokuja karne nyingi baada yake walilichukua neno lake na kuacha kusihi kwake, na kwa idhini hiyo watu walifungwa na kuchomwa moto. Pia ni haki kusema kwamba ushawishi wake una mpaka: Waorthodoksi wa Ugiriki, Misri na Ethiopia hawakujengwa juu yake. Kwao Athanasi ni mkubwa zaidi, na huenda hapo Mzee Katekista akanishinda.

Msomaji wa Bukoba

Naomba kuongeza jambo dogo kabla jukwaa halijawagawa watu kati ya Waafrika hawa wawili.

Athanasi alifariki mwaka 373 bila kuuona ushindi. Kazi ilikamilishwa katika Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381, baada ya kufafanuliwa na watu wa Kapadokia, katika Uturuki ya leo: Basili, ndugu yake Gregori wa Nisa, na rafiki yao Gregori wa Nazianzo. Wao ndio waliofafanua pia umungu wa Roho Mtakatifu. Na nyuma ya ndugu wale wawili alikuwapo dada yao mkubwa, Makrina, aliyefariki mwaka 379. Gregori wa Nisa ameandika kwamba Basili aliporudi kutoka masomoni alikuwa amejaa majivuno ya usemaji, na dada yake ndiye aliyemvuta kwenye maisha ya sala na kazi za mikono. Makrina aliigeuza nyumba ya familia yenye mali nyingi kuwa nyumba ya watawa, ambamo waliokuwa watumwa wake waliishi naye kama dada zake. Gregori humwita "mwalimu" bila haya yoyote. Kanuni za Basili huongoza watawa wa Mashariki hadi leo, na kwa hiyo mkono wa Makrina umo ndani yake. Mwalimu, mabinti katika darasa lako wanastahili kulisikia jina hili.

Mzaliwa wa Rungwe

Ndugu zangu, nimewasoma wote kwa heshima, na sina neno juu ya ukuu wa Athanasi na Augustino. Ila Mwalimu amesema kwamba somo lake la tatu linawakuta wamisionari wakishuka melini, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyewapandisha melini. Kwa karne 2 baada ya Luther, makanisa ya Kiprotestanti kwa sehemu kubwa hayakujishughulisha na kuwapelekea Injili watu wa mabara mengine. Wapo wanateolojia waliofundisha kwamba agizo la kwenda ulimwenguni kote lilitolewa kwa mitume peke yao. Aliyebadilisha hali hiyo kwa vitendo kuliko wengi ni Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, kabaila wa Saxony aliyezaliwa mwaka 1700.

Mwaka 1722 wakimbizi wa dini kutoka Moravia walianza kujenga katika ardhi yake mji uliokuja kuitwa Herrnhut. Walikuwa warithi wa kanisa lililotokana na Jan Hus, aliyechomwa moto huko Konstanz mwaka 1415. Walipofika waligombana vibaya, mpaka Zinzendorf akaacha kazi yake serikalini ili akae nao. Agosti 1727, katika ibada ya Chakula cha Bwana, walipatana kwa machozi, na mwezi huohuo wakaanza zamu za maombi ya usiku na mchana ambazo ziliendelea kwa takriban miaka 100. Kutoka kwao yametoka pia maneno ya kila siku yaliyochaguliwa kutoka katika Biblia, ambayo yamechapishwa kila mwaka tangu 1731 na husomwa leo katika lugha nyingi.

Mwaka 1731 Zinzendorf alikwenda Copenhagen katika sherehe za kutawazwa kwa mfalme, akakutana na Anton, mtu Mweusi aliyekuwa mtumwa kutoka kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, aliyemweleza kwamba dada yake na watumwa wenzake wanatamani kulisikia neno la Mungu. Mwaka uliofuata Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, walitumwa huko. Herrnhut ulikuwa mji mdogo, lakini Zinzendorf alipofariki mwaka 1760 ulikuwa umetuma wamisionari zaidi ya 200, kuanzia Greenland hadi Afrika Kusini. William Carey, ambaye Waingereza humwita baba wa misioni za kisasa, aliandika wito wake mwaka 1792, miaka 60 baada ya mfinyanzi na seremala wale, naye aliwataja Wamoravian kama mfano wa kuigwa.

John Wesley pia ni mdeni wao. Akisafiri kwenda Georgia mwaka 1736 alikumbwa na dhoruba, Waingereza wakapiga kelele za hofu, nao Wamoravian wakaendelea kuimba zaburi. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Tarehe 24 Mei 1738, huko London, katika mkutano uliosomwa dibaji ya Luther juu ya Waraka kwa Warumi, alihisi moyo wake ukipata joto kwa namna ya ajabu, na Umethodisti ukazaliwa. Kutoka mkondo huo, kwa kupitia vuguvugu nyingine za uamsho huko Uingereza, unaweza kufika mpaka Gahini nchini Rwanda na Namirembe nchini Uganda mwaka 1929, ambako Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walisoma Biblia na kuomba pamoja. Na kutoka hapo hadi kwa walokole wa Kagera na Kenya. Anayesimama katika ibada zetu akashuhudia siku aliyookoka anasimama katika ukoo huo, hata kama hajawahi kulisikia jina la Herrnhut. Kwetu Rungwe deni hilo halina kona, kwa kuwa wamisionari waliofika mwaka 1891 walitoka Herrnhut yenyewe.

Sasa mabaya yake. Mwaka 1739 Zinzendorf alifika St. Thomas, akawakuta wamisionari wake gerezani, na akafanikisha kufunguliwa kwao. Lakini alipowaaga watumwa aliwaambia kwamba utumwa ni adhabu ya Mungu kwa watu Weusi, na kwamba kuongoka hakuwapi uhuru wa mwili. Misioni yenyewe ilikuwa imekwisha kununua shamba lenye watumwa. Mimi ni Mmoravian, na siwezi kulisoma jambo hilo bila uchungu.

Miongoni mwa wale waliofunguliwa gerezani alikuwamo mwanamke aitwaye Rebecca, aliyezaliwa utumwani karibu na mwaka 1718 na baadaye kupata uhuru. Alikuwa akitembea kutoka shamba moja hadi jingine, jioni baada ya kazi, akiwafundisha wanawake watumwa, na kusanyiko la St. Thomas lilikua kwa jasho lake kuliko la wamisionari wengi waliotoka Ulaya. Baada ya kufiwa na mumewe aliolewa na Christian Protten, aliyekuwa na mama wa Kiafrika kutoka pwani ya Ghana ya leo; mwaka 1746 aliwekwa wakfu kuwa shemasi; akafariki mwaka 1780 huko Christiansborg, Accra. Kama Mwalimu atamchagua Zinzendorf, namsihi awasimulie hao wawili kwa pamoja, kwa maana mmoja alikuwa na mali na cheo cha kuwatuma watu, na mwingine aliielewa Injili vizuri kuliko yeye.

Mwalimu wa Kipaimara

Wapendwa, nimewasoma zaidi ya mara moja, na ninawashukuru kwa moyo wote.

Nimeamua kumweka Athanasi katika kipindi cha kwanza. Vijana wangu hukiri Imani ya Nikea katika sikukuu bila kujua kwamba kuna mtu aliyefukuzwa mara 5 ili waweze kuyatamka maneno yale. Kipindi kinachofuata nitampa Augustino, nami nitaanzia kwa Wadonati kama alivyofanya Mama Mchungaji, kwa sababu swali la mtumishi aliyeanguka wanalo tayari vichwani mwao. Makrina atapata nafasi yake kati ya hao wawili. Zinzendorf na Rebecca nitawaweka kabla ya somo la wamisionari, mahali ambapo kweli walikuwa wamekosekana.

Limebaki swali moja kwa Mzee Katekista. Kijana mmoja aliniuliza kama imani hii ya Nikea iliwahi kuvuka Misri na kushuka kusini zaidi katika bara letu kabla ya kuja kwa Wazungu. Nilimjibu kwa kifupi kwamba iko Ethiopia, lakini sikuweza kumweleza iliingiaje huko.

Katekista Mstaafu

Mwalimu, mjibu kijana huyo kwamba iliingia kwa mkono wa Athanasi mwenyewe.

Frumensio na Edesio walikuwa vijana wa Tiro waliosafiri katika Bahari ya Shamu. Meli yao ilishambuliwa ilipotia nanga, wenzao wakauawa, nao wakapelekwa katika jumba la mfalme wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia. Walipewa kazi, wakaaminiwa, na mfalme alipofariki Frumensio alimsaidia malkia kuendesha nchi wakati mrithi akiwa bado mtoto. Aliwatafuta wafanyabiashara Wakristo waliopita huko na kuwasaidia kupata mahali pa kusali. Baada ya kuachiwa waende, Edesio alirudi kwao Tiro. Frumensio akaenda Aleksandria kumwomba Athanasi awapelekee watu wa Aksum askofu. Athanasi akamjibu kwamba hakuna anayefaa kuliko yeye aliyewajua watu wale, akamweka wakfu na kumrudisha. Waethiopia humwita Abba Salama, yaani baba wa amani. Mfalme Ezana akaupokea Ukristo, na sarafu zake zinaonyesha mabadiliko hayo: zile za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara, na zile za baadaye zina msalaba.

Konstansio alipomfukuza Athanasi mwaka 356, alimwandikia Ezana akimtaka amrudishe Frumensio Aleksandria ili akahojiwe na askofu mpya aliyeupendelea upande wa Ario. Barua hiyo imehifadhiwa, kwa kuwa Athanasi mwenyewe aliinakili. Frumensio alibaki Aksum, na Kanisa la Ethiopia likabaki na imani ya Nikea. Kwa desturi iliyoanzia kwake, liliendelea kumpokea askofu wake mkuu kutoka Misri, Mmisri baada ya Mmisri, hadi mwaka 1951 alipowekwa Basilio, Mwethiopia wa kwanza kushika nafasi hiyo.